Mita Mia Mbili Bila Kona

Asubuhi ya mashindano fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, akiibonyeza cheni kwa vidole viwili. Cheni ilishuka kiasi cha unene wa kidole gumba, ikarudi juu. Akakaza nati ya kushoto robo mzunguko, akaibonyeza tena. Mkewe alisimama upande wa pili, kofia ngumu kwapani, akimalizia chai kwenye kifuniko cha chupa.

Pikipiki hiyo waliiita Meza, kwa ajili ya miguu yake minne, na pia kwa sababu kabla fundi hajaipata ilikaa nyuma ya gereji ya watu miaka mingi ikiwekewa vyombo juu. Fundi aliivua kila kitu kisichoisaidia kukimbia: taa, madgadi, kiti cha abiria, mpaka kibati cha kufungia mizigo. Mkono wa chuma unaoshika magurudumu ya nyuma aliukata, akauchomelea kipande cha kuurefusha, ili mashine isisimame wima inapoondoka. Kisha akaingia kwenye gia. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, akaipunguza jino moja, ya nyuma akaiongeza matatu. Mbio fupi zinataka mbele meno machache na nyuma meno mengi, mashine iruke mara tu inapoachiwa. Lakini ukizidisha, itapiga makelele na kuishiwa pumzi katikati ya njia mbele za watu. Gia ya mwisho inatakiwa iwe imekamuliwa yote pale pale kwenye mstari wa kumalizia. Fundi alikuwa ameitafuta hesabu hiyo mwaka mzima, akibadilisha sproketi kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake.

Mashindano yenyewe yalifanyika kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, lami nyeusi katikati ya majani. Wawili wawili, mita mia mbili, mstari mnyoofu. Fundi aliyapenda kwa sababu hayakuwa na kona.

Hapo pana maelezo. Fundi alikuwa mtu wa wivu, na si ule wa kutaniwa ukapita. Alimwoa mkewe akiwa mshonaji wa suti za kiume, na huwezi kumshonea mtu suti bila kumzungushia tepu kifuani. Basi cherehani sasa ilikuwa chini ya kitanda. Mkewe akichelewa dukani aliulizwa alikuwa wapi, akiwahi aliulizwa anakimbilia nini. Fundi alimwonea wivu daktari wa meno. Alimwonea wivu msoma habari wa redioni, kwa sababu mkewe aliongeza sauti zilipoanza habari. Sasa mtu wa namna hiyo angewezaje kumpandisha mkewe kwenye mashine mbele ya umati? Ni uzito tu. Fundi alikuwa pande la mtu, alivunja viti vya wenzake, na mbio fupi hazimtaki mzito. Mkewe alikuwa mwepesi. Fundi alipiga hesabu zake akaona mita mia mbili bila kona ni umbali anaoweza kuustahimili, maana angeuona mgongo wa mkewe tangu anaondoka hadi anasimama.

Watu wa mbio hizi wana desturi moja. Fundi haendi mwisho wa njia. Kazi yake huishia pale mwanzo, na dereva akishavuka mstari huzima injini mafuta yakiwa bado yamefunguliwa yote, husimama, hufungua plagi hapo hapo na kumletea fundi wake ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Plagi ikiwa nyeupe, injini ina kiu. Ikiwa nyeusi, imevimbiwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, fundi anaruhusiwa kutembea kifua mbele. Na huletwa ingali moto. Fundi wetu aliziamini plagi kuliko alivyomwamini binadamu yeyote.

Siku ile plagi ilirudi baridi.

Ilianza hivi. Mkewe alikuwa amekwisha kaa kwenye Meza, anavaa glavu, na fundi alikuwa anapunguza hewa kwenye tairi la nyuma. Alipoinua macho kutazama njia, akamwona mkewe kule mwisho. Alikuwa amekwisha shuka, kofia mkononi, na Meza imesimama pembeni yake. Fundi akaigusa Meza iliyokuwa mbele yake, ilikuwepo. Akamtazama mkewe, alikuwepo, anavuta glavu kwa meno.

"Yule kule ni wewe?" fundi aliuliza.

Mkewe akakinga jua kwa kiganja. "Ni mimi. Naona nimefika."

"Umefikaje na hujaondoka?"

"Si ni gia zako hizo, mume wangu. Ziulize gia zako."

Mtunza saa alikuja, akatazama huku, akatazama kule, akawaambia waharakishe, kuna wengine wanasubiri. Kanuni zilikataza mtu kuondoka kabla ya taa ya kijani. Kuhusu kufika hazikusema lolote. Taa ikawaka, mkewe akaachia klachi, na pale alipokuwa pakabaki vumbi na harufu ya mpira. Njiani hakuonekana mtu, kwa kuwa alikwisha fika. Mshindani wake alikimbia peke yake mpaka mwisho na kutangazwa wa pili.

Mkewe alirudi akiisukuma Meza kwenye njia ya pembeni, akatoa kitambaa mfukoni. Plagi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, safi, jinsi fundi alivyoiota mwaka mzima. Fundi hakuiona rangi. Aliifumbata mkononi, ilikuwa baridi kama kijiko cha kabatini, na roho ikamchoma.

"Umekaa kule muda gani?"

"Si uliniona?"

"Nilikuona umefika. Sikuona ulichofanya."

"Nilikaa."

"Na nani?"

"Na Meza," mkewe alisema.

Lakini kule mwisho kulikuwa na mtu. Walimwita Kipenga, mrefu, kazi yake kushusha bendera mashine inapovuka mstari na kupuliza filimbi njia ikiwa salama. Kila Jumapili alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Fundi alijiuliza ni mwanamume gani anayejipigia pasi ili aje kusimama kwenye vumbi, na jibu alilojipa halikumfurahisha.

Jumapili zilizofuata injini ililainika zaidi, na mkewe akazidi kuwahi. Mwanzoni alifika mapema kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Baadaye ikawa muda ambao mtu angeweza kufua shati na kulianika. Alishinda kila mbio. Watu walimpongeza fundi, wakampiga mabega, wakamwomba siri ya sproketi zake, naye akaitikia huku macho yake yako kule. Hapa mwanzo mkewe alisema ndiyo mume wangu, hapana mume wangu. Kule mwisho mkewe alikuwa amevua viatu.

"Unafanya nini kule?" fundi alimuuliza mkewe aliyekuwa karibu.

"Sijafika bado. Nitajuaje?"

"Unacheka."

Mkewe akatazama. "Basi litakuwa jambo la kuchekesha," alisema, akainama kufunga kamba za viatu.

Fundi akanunua darubini. Kwa darubini alimwona mkewe amekaa juu ya tairi kuukuu, miguu kwenye majani, macho ameyafumba. Mara akafumbua, akacheka na hewa, akafumba tena. Kipenga alikuwa amesimama hatua kadhaa mbele yake, amempa mgongo, anatazama njia kama kanuni zinavyotaka. Hakugeuka hata mara moja. Hilo ndilo lililommaliza fundi kabisa. Mtu na mke wa mtu kutosemezana muda wote huo, si bure. Wamekwisha ongea ya kuongea.

Nyumbani aliyameza akashindwa. Mama yake, aliyekuwa anaishi nao, alimkuta jikoni anaikagua plagi kwenye mwanga wa dirisha kwa mara ya sijui ngapi.

"Mwanangu," mama alisema, "wivu huo ungeutia kwenye tanki, usingenunua mafuta."

"Mama, wewe huyajui haya."

"Siyajui? Marehemu baba yako alinihamishia chumba cha nyuma kwa sababu cha mbele kilikuwa na dirisha." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akichambua mchele. "Nikahama. Ungemwacha mkwe wangu apumue."

Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Alisuuza sahani ile ile mara nyingi.

Alasiri moja, mkewe akiwa amempeleka mama kliniki, fundi aliiinamia Meza akafungua cheni. Akaitoa sproketi ya mbele akaweka yenye meno mawili zaidi. Ni kazi fupi kwa anayeijua, na mikono yake iliifanya bila kumtazama usoni. Jumapili iliyofuata mkewe alikaa kwenye Meza, akatazama kule mwisho, akaona Kipenga yuko peke yake na tairi. Taa ilipowaka aliondoka kama watu wote wanavyoondoka, akaonekana njia nzima, mgongo wake ukipungua kidogo kidogo hadi mwisho, akashindwa na kijana mwenye mashine ya kuazima.

Plagi ilirudi moto. Ilimuunguza fundi vidole hata kupitia kitambaa, naye akaing'ang'ania, akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu arusi yao.

"Umeongeza meno mbele," mkewe alisema.

"Nani amekwambia?"

"Gia ya kwanza imekuwa ndefu. Nimeisikia kiunoni."

"Ni cheni. Nimebadilisha cheni."

"Cheni ni ile ile. Kile kiungo ulichokigonga vibaya nakiona hapo." Alivua kofia, nywele zimelala kwa jasho. Hakupandisha sauti. "Muda ule ulikuwa wangu. Siku nzima, wiki nzima, naulizwa. Pale siulizwi. Pale sijaondoka hata, nitaulizwa nini? Nirudishie."

"Muda wa nini? Unakutana na nani?"

"Kama huniamini, panda mwenyewe ukaone."

Fundi alikuwa mbishi lakini hakuwa mwoga. Alirudisha sproketi ya zamani, akaongeza meno mengine nyuma kwa ajili ya mwili wake, akakaza springi, akajaza hewa kwenye matairi. Jumapili akapanda. Meza ililalamika, ikashuka, ikamkubali. Watu walitania kidogo kwamba leo Meza imewekewa kabati juu, kisha wakazoea. Mkewe ndiye aliyekuwa fundi siku hiyo. Alipiga magoti kwenye lami, akaibonyeza cheni kwa vidole viwili, sawasawa kabisa, na fundi akajiuliza alijifunza lini.

Kule mwisho yeye mwenyewe alikuwa amekwisha fika. Alimwona: bonge la mtu limekaa juu ya tairi, halafu likasimama.

"Imelegea kidogo," mkewe alisema kutoka chini.

Fundi akainama hadi karibu na sikio lake, kwa sababu injini ya jirani ilikuwa inanguruma. "Kaza robo," alimwambia.

Mkewe akakaza robo. Akainua macho, akaliona lile bonge la mtu kule mwisho, mikono kiunoni, linawakodolea macho. Akaangua kicheko. Alimshika fundi bega ajiinue, akasimama, na mkono akauacha pale pale begani akiendelea kucheka. Ni muda mrefu mkewe hakuwa amecheka karibu yake! Fundi alisikia joto la kile kiganja kupitia koti, akafurahi moyoni, naye akatabasamu bila kujua wanacheka nini.

Taa ikawaka, akaachia klachi.

Safari hakuiona. Mara alikuwa kule, injini imezima, na muda ulikuwa umebaki mwingi kabla hajaondoka. Upepo ulipita kwenye majani. Hapakuwa na kelele, na hapakuwa na mtu aliyemhitaji kwa lolote.

"Karibu, fundi," Kipenga alisema bila kugeuka. "Kaa hapo kwenye tairi. Mkeo hukaa hapo."

Fundi akakaa. "Hufanya nini?"

"Hukaa."

"Na wewe?"

"Mimi natazama njia. Nikigeuka nafukuzwa kazi."

"Mnaongea nini?"

Kipenga alifikiri. "Siku moja aliniuliza saa. Nikamwambia sina."

"Na shati hilo unampigia nani pasi?"

"Anayepiga ni mama yangu. Hataki niaibike."

Yalikuwa majibu mazuri na fundi hakupata pa kuyashika. Hapo sasa angeweza kuvua viatu. Angeweza kufumba macho, kusikiliza majani, kuwa mtu ambaye hajaondoka na amekwisha fika, asiyedaiwa neno na mtu. Muda aliutengeneza mwenyewe kwa mikono yake, jino kwa jino. Badala yake akageuza shingo, akatazama kule mwanzo kuona mkewe anafanya nini.

Mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya mashine. Juu ya mashine kulikuwa na mwanamume, mnene, amejaa kwenye koti. Yule mwanamume aliinama, akamwinamia mkewe karibu mno, akamwambia jambo sikioni. Mkewe akafanya kitu kwenye cheni, akainua uso, akacheka. Alicheka kwa mwili mzima. Akamshika yule mwanamume bega, akasimama, na mkono hakuuondoa.

Fundi alikuwa amekwisha simama, mikono kiunoni. Alikumbuka kila neno. Alijua alimwambia kaza robo, hakuna zaidi. Lakini kutoka pale alipokuwa haikuonekana kuwa kaza robo. Ule mgongo uliokuwa umemwinamia mkewe ulimchukiza, na lile tabasamu la pembeni, la mtu anayejiona amefika, lilimchukiza zaidi. Akapiga hatua kuelekea njiani.

"Usivuke mstari, fundi," Kipenga alisema. "Bado hujaondoka."

Kisha taa ikawaka na yule mwanamume akatoweka. Mkewe akabaki peke yake kwenye vumbi, mkono umebaki hewani, bado anatabasamu. Fundi alisubiri tabasamu limwishe. Lilichelewa kuisha.

Akaisukuma Meza njia nzima ya pembeni, akihema. Mkewe alimpokea akiwa amenyoosha kiganja.

"Plagi iko wapi?"

"Yule bwana alikuwa na mazungumzo gani na wewe?"

"Bwana gani?"

"Aliyekuwa amekaa hapa."

Mkewe akamtazama. "Ni wewe yule, mume wangu."

"Najua ni mimi. Nauliza kwa nini ulimshika bega."

Mkewe alichukua spana, akainama, akaifungua plagi mwenyewe. Ilikuwa nyeusi tititi. Aliifuta kwa kitambaa, akaiweka mfukoni, akaanza kulikunja turubai la kufunikia Meza.

Wiki nzima fundi hakula vizuri. Alijaribu kuyapima mambo kwa haki, kama anavyopima sproketi. Kule mwisho kulikuwa na Kipenga, ambaye hageuki na hana saa. Hapa mwanzo kulikuwa na yule bwana mnene mwenye koti, anayejua kumchekesha mke wa mtu, tena anayetoweka akishamaliza bila kuaga. Jumamosi akamwita mkewe na mama yake sebuleni akatangaza kwamba yeye hapandi tena. Atapanda mkewe, kwa gia zile zile za kuwahi.

"Heri akae peke yake kule," alimweleza mama yake, "kuliko nimwache hapa na mtu yule."

Mama yake alimtazama, akamtazama mkwewe, akarudi kwenye mchele. Mkewe alikuwa amekwisha kwenda kuitafuta kofia.

Jumapili hiyo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Fundi alikagua cheni, akapima hewa, akasimama kando ya mkewe kwa umbali wa mkono mzima, mikono mifukoni. Alipotaka kumwambia jambo alilisema kwa sauti akiwa amenyooka wima. Alijua jinsi inavyoonekana kutoka kule. Mkewe alikaza glavu ya kulia, akakaza ya kushoto, hakumshika.

Kule mwisho alikuwa amekwisha fika, mapema kuliko siku zote. Safari hii alikuwa amelivuta tairi na kuligeuzia upande wa majani, akakaa amewapa mgongo.

Fundi aliutazama ule mgongo kwa darubini, akashusha, akautazama tena.

"Mwambie ageuke," alisema.

Mkewe akafunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akaijaribu kwa kidole kama imekaza.

"Nikifika," alisema, "nitamwambia."

Kule mwisho mgongo haukugeuka. Mtunza saa akawaambia waharakishe.